Kwa Nini Mwalimu Huyu Hafukuzwi?



Kuna swali halikosekani kwenye mikutano yetu ya vijiji hapa bonde la Kilombero. Tumeshafika kwenye mengineyo, watu wameanza kukusanya viti, mzazi mmoja anasimama. Mwalimu fulani, anasema, tunamwona kwenye majaruba yake ya mpunga kuliko tunavyomwona darasani. Mtoto wangu yuko darasa la nne, kusoma hajui. Kwa nini mwalimu huyu hafukuzwi? Mtendaji anajibu kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Mkutano unafungwa kwa dua.

Linafanyiwa kazi na nani, kwa sheria ipi, na kwa muda gani? Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo. Na nisiwafiche nilipo: mimi ni miongoni mwa wanaotaka mwalimu alindwe, tena alindwe sana. Ila nina ugomvi na namna tunavyomlinda.

Tuanze na sheria ilivyo. Mwalimu wa shule ya serikali akiajiriwa huanza na kipindi cha majaribio, miezi 12 kwa kawaida. Akikimaliza salama anathibitishwa kazini, na hapo anaingia kwenye masharti ya kudumu na pensheni. Tangu siku hiyo benki inamkopesha, na mwenye duka la pembejeo anampa mbolea kwa daftari. Mshahara wake unapita kwa mkurugenzi wa halmashauri. Lakini mkurugenzi hawezi kumfukuza. Mkuu wa wilaya hawezi. Diwani na mbunge ndiyo kabisa. Mwenye mamlaka hayo ni Tume ya Utumishi wa Walimu, ile tunayoiita TSC, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015 na kuanza kazi Julai 2016. Tume hiyo ina kamati zake za wilaya, na huko ndiko makosa mazito yanakosikilizwa. Makosa madogo, yale ya onyo na karipio, yanaishia kwa mkuu wa shule.

Kosa likiwa zito, mwalimu anapewa hati ya mashtaka. Anajibu kwa maandishi. Uchunguzi unafanyika, naye anasikilizwa. Ikibidi akae pembeni kupisha uchunguzi, anaendelea kupokea nusu mshahara. Kamati ya wilaya ikimfukuza na asiridhike, anakata rufaa Tume makao makuu. Asiporidhika tena, rufaa inakwenda kwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Naam, kwa Rais mwenyewe. Na akitoka huko bado ana donge, anayo miezi 6 ya kuomba kibali Mahakama Kuu ili uamuzi ufanyiwe mapitio.

Mzazi wetu akisikia ngazi zote hizo anashika kichwa. Mtu hafiki kazini, unaanzaje kumfikisha mpaka Ikulu?

Sasa ngoja nikupeleke Bukoba, Februari 2009. Mkuu wa wilaya wa huko wakati huo, Albert Mnali, alikerwa na matokeo mabaya ya darasa la saba. Akafika katika shule tatu za msingi akiwa na askari polisi, akaamuru walimu wacharazwe viboko. Walimu 19. Watu wazima, wenye familia, wanachapwa kwa sababu watoto wamefeli mtihani. Nchi nzima ilishtuka, na Rais Kikwete akatengua uteuzi wake.

Wengi wanaikumbuka habari hiyo kwa aibu yake. Mimi naikumbuka kwa sababu nyingine. Yule mkuu wa wilaya, pamoja na ukubwa wote, hakuwa na kinga yoyote ya ajira. Aliondoka kwa tamko moja, bila hati ya mashtaka, bila kamati, bila rufaa. Walimu waliochapwa, ambao kila mtu aliwaona wanyonge, walibaki na kazi zao. Alikuwa na uwezo wa kuwaaibisha, hakuwa na uwezo wa kuwafukuza. Ndiyo maana alishika fimbo. Ukiwaondolea walimu ile kinga, mkuu wa wilaya wa aina hiyo hahitaji hata fimbo. Barua ya mistari mitatu inamtosha, na wewe mzazi hutasikia chochote redioni.

Wazee wetu wa bonde hili wanaijua hali hiyo kwa njia nyingine. Kabla ya uhuru shule nyingi huku zilikuwa za misheni. Mapadre Wakapuchini kutoka Uswisi walijenga, walifundisha, waliajiri. Tunawashukuru kwa mengi, hata hospitali ya Mtakatifu Fransisko tunayokimbilia mpaka leo ina mizizi huko. Lakini mwalimu wa misheni alikuwa chini ya meneja wa shule, na kuoa mke wa pili kulitosha kumtoa kazini hata kama darasa lake linaongoza. Mwaka 1962, mara tu baada ya uhuru, ndipo ulipoanzishwa utumishi mmoja wa walimu, ili mwalimu wa misheni na mwalimu wa serikali wawe na masharti yaleyale. Baadaye ikaja Tume ya kwanza kwa sheria ya mwaka 1989, ikafutwa, walimu wakahamishiwa kwenye idara chini ya sheria ya utumishi wa umma ya 2002, na 2015 Tume ikarudishwa. Ukiona serikali inaivunja na kuiunda tena, ujue hata wenyewe hawajakubaliana mwalimu awe mtumishi kama karani mwingine yeyote au awe na nyumba yake peke yake.

Na kuna 2017. Aprili 28 mwaka huo, pale Dodoma, Rais Magufuli alipokea kutoka kwa Waziri Angellah Kairuki taarifa ya uhakiki wa vyeti: watumishi 9,932 wametajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Waondoke. Walimu walikuwemo. Wengi tulipiga makofi, na mtu aliyeingia darasani kwa cheti cha jirani yake mimi simlilii. Ila safari ile mpangilio uligeuzwa: orodha ilitangulia, kusikilizwa kukafuata. Waliodai wameonewa walipewa nafasi ya kukata rufaa, na wapo waliothibitika kwamba vyeti vyao ni halali. Hao walishatajwa, kijijini walishachekwa. Waliobaki nje walikaa miaka mitano kabla Rais Samia, sherehe za Mei Mosi 2022, hajaagiza warudishiwe angalau michango waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema sheria inawadekeza walimu, huwa namuuliza: inawadekeza mbele ya nani?

Lakini mzazi wa pale mkutanoni bado hajajibiwa. Mtoto wake bado hajui kusoma. Tuingie ofisini kwa mwalimu mkuu tuone kazi inakwama wapi.

Mezani kuna daftari la mahudhurio ya walimu. Ukubwa wa kaunta buku, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi. Kila mwalimu akifika anaandika jina, saa, anatia saini. Saa ikitimia mwalimu mkuu anachukua kalamu nyekundu, anapiga mstari chini ya jina la mwisho. Aliyechelewa atasaini chini ya mstari, asiyekuja anaandikwa hayupo. Mstari ule mwekundu ndio ushahidi wa kwanza wa kesi nzima. Kanuni za utumishi zinasema kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa au sababu ya msingi ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Viongozi wa TSC wamesema mara nyingi kwamba utoro ndio kosa linaloongoza kwa walimu wanaofikishwa mbele yao. Maana yake sheria ipo, na inafukuza.

Sasa fikiria mwalimu mkuu wa shule yenye walimu wanne huko ndani. Mmoja mtoro. Akipiga mstari mwekundu kila siku, akaandika barua ya kumtaka ajieleze ni kwa nini asichukuliwe hatua, akapeleka nakala kwa afisa elimu kata na ofisi ya TSC wilayani, nini kinafuata? Mwalimu anasimamishwa. Walimu wanabaki watatu, madarasa saba. Anayesimamishwa hapati mbadala, kwa sababu jina lake bado liko kwenye orodha ya mshahara. Na mwalimu mkuu huyo anaishi nyumba ya pili kutoka kwa mtuhumiwa, wanachota maji bomba moja, wake zao wako kikoba kimoja. Anaona heri amwite pembeni: ndugu yangu, jirekebishe. Kalamu nyekundu inakaa ndani ya mtoto wa meza. Mwezi unapita, muhula unapita, na siku mkaguzi, siku hizi mthibiti ubora, akija, daftari limejaa saini za watu wote. Wapo waliosaini Jumatatu kwa ajili ya wiki nzima.

Nani basi amemlinda mtoro? Si Sheria Na. 25. Ni daftari.

Na upande wa pili wa daftari hilohilo upo. Tuseme mwalimu wa kike, mgeni, amepangiwa shule ya mbali upande wa Mlimba. Anakuja Ifakara mjini kufuatilia malimbikizo ya mshahara wake, kwa ruhusa ya mdomo ya siku mbili. Mvua ya Aprili inashuka, mto unakata njia, anakaa mjini siku nane kwa shoga yake. Akirudi anakuta mwalimu mkuu, ambaye wana lao jambo, kawa hodari wa kalamu nyekundu. Mistari minane. Sababu ya msingi anayo, kila mtu kijijini anaijua mvua ile, lakini ruhusa ya mdomo haina muhuri. Bila kamati ya kumsikiliza, bila rufaa, dada huyo kazi hana. Anayekuambia tufute ngazi za rufaa ili watoro waondoke upesi, mwambie na huyu ataondoka nao.

Hapa ndipo sheria yenyewe inaponitia shaka. Mwaka 2016 Bunge liliongeza kifungu cha 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma. Kinamtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia zote za ndani ya utumishi kabla ya kugusa zile za sheria za kazi. Kwa muda mahakama zilikuwa zinatofautiana, hadi mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Shirika la Posta, ilipoweka msimamo kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, haina mamlaka juu ya shauri la mtumishi wa umma ambaye hajazimaliza njia hizo. Matokeo yake tazama. Mwalimu wa shule binafsi hapa Ifakara, aliyefukuzwa kwa sababu hakukubaliana na mmiliki, ana siku 30 kupeleka lalamiko CMA. Kule anakutana na msuluhishi, wanakaa meza moja na mwajiri, na mara nyingine wanamaliza kwa kuelewana. Mwalimu wa serikali, ambaye sote tunaamini ndiye mwenye kinga, ana siku 45 za kukata rufaa, kisha anasubiri. Tume, halafu Ikulu. Anasubiri bila mshahara, maana uamuzi wa kufukuzwa unatekelezwa. Ngazi ni ndefu, na kila kidato kiko mbali zaidi na Kilombero kuliko kilichotangulia.

Ubishi huu hauko kwetu tu. Kule California, Marekani, mwaka 2012 wanafunzi tisa walizishtaki sheria za jimbo lao zinazolinda ajira ya walimu. Kesi inaitwa Vergara. Walidai mwalimu wa kule anapata ajira ya kudumu mapema mno, chini ya miaka miwili, kumfukuza kunagharimu fedha na miaka, na walimu wabovu wanaishia kurundikwa kwenye shule za maskini. Juni 2014 Jaji Rolf Treu wa Los Angeles aliwapa ushindi. Walimu wakakata rufaa. Aprili 2016 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu ile, na Agosti mwaka huo mahakama ya juu ya jimbo ikakataa kuisikiliza tena, majaji wanne kwa watatu. Sababu ya mahakama ya rufaa ndiyo ninayotaka uisikie: sheria zile hazimwambii mtu yeyote ampeleke mwalimu mbovu kwa watoto maskini. Wanaofanya hivyo ni maofisa wanaopanga walimu. Nilipoisoma sababu hiyo nilifikiria barua za uhamisho za hapa kwetu, mwalimu aliyeshindikana mjini anahamishiwa porini kama adhabu. Adhabu kwa nani? Watoto wa huko porini wamekosa nini?

Kuna kitu kimoja California inatuzidi, hata kama walalamikaji walishindwa. Walioshtaki ni wanafunzi. Huku kwetu mtoto na mzazi hawamo ndani ya jalada. Kamati ya shule inaweza kulalamika, inaweza kuandika muhtasari, lakini haina mamlaka ya nidhamu juu ya mwalimu, na shauri likishafika wilayani hakuna anayelazimika kuirudishia kamati jibu. Ndiyo maana pale mkutanoni mtendaji hana la kusema zaidi ya linafanyiwa kazi. Pengine kweli hajui.

Wapo wanaotoa dawa nyingine: tuachane na ajira za kudumu, walimu wapewe mikataba ya mwaka mmoja mmoja, anayefundisha abaki, asiyefundisha aondoke. Kwa masikio ya mzazi mwenye hasira ni dawa tamu. Kenya wameionja. Kule Kenya magharibi, wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia walimu wa mkataba walioajiriwa na shule zenyewe, na wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi. Serikali ilipoichukua kazi hiyo na kuipeleka nchi nzima, watafiti wengine wakapima tena: zile shule ambako serikali yenyewe ndiyo iliyosimamia, faida haikuonekana. Mkataba peke yake haukutosha, mengi yalitegemea nani anausimamia. Baadaye Kenya ikaajiri walimu 46,000 wa sekondari ya chini kwa jina la wanagenzi, kwa posho ndogo, ilhali wana sifa zote za ualimu. Aprili 2024 Jaji Byram Ongaya wa mahakama ya kazi akasema utaratibu huo ni kinyume cha sheria. Mei walimu waliingia barabarani. Januari 2025 wakapewa ajira ya kudumu.

Kwetu hali inaweza kuwa mbaya kuliko Kenya, kwa sababu foleni ni ndefu. Mapema 2025 nafasi za ualimu zaidi ya 14,000 zilipotangazwa, waombaji walipita 200,000. Vijana wenye diploma na shahada wanaendesha bodaboda pale stendi, wengine wanajitolea mashuleni kwa posho ya kuchangiwa na wazazi. Mwalimu wa mkataba wa mwaka mmoja, akijua kuna watu zaidi ya kumi wanaisubiri nafasi yake, atathubutu kumwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba mwanawe ametoroka shule kwenda kulinda ndege shambani? Atathubutu kukataa kumpa alama za bure mtoto wa diwani? Au kwenda kutoa ushahidi dhidi ya mwalimu mwenzake anayemsumbua mwanafunzi wa kike? Tangu 2016 sheria ya elimu inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi, lakini kesi hizo zinasimama kwa mashahidi, na shahidi wa kwanza mara nyingi ni mwalimu wa darasa. Namtaka mwalimu huyo asimame kizimbani akijua kazi yake ya kesho ipo.

Kwa hiyo, msikilizaji, msimamo wangu ni huu. Kinga ibaki. Anayeguswa kazi yake asikilizwe kwanza, kama Katiba yenyewe inavyotaka kwenye ibara ya 13. Lakini kusikilizwa kuwe na kalenda upande wa wakubwa pia. Mwalimu anahesabiwa siku 45 za kukata rufaa, akizidisha amekwisha. Anayeipokea rufaa naye ahesabiwe siku zake ndani ya sheria, na zikipita bila uamuzi, mwalimu aruhusiwe kwenda CMA kama mfanyakazi mwingine. Rufaa ya mwalimu wa darasa la tatu kutoka Uchindile sioni inatafuta nini mezani kwa Rais. Shule iliyosimamishiwa mwalimu ipate wa kushika nafasi kwa muda, kutoka kwenye foleni hiyohiyo ya vijana, ili mwalimu mkuu asiogope kalamu yake. Na kamati ya shule iliyolalamika ipewe barua: shauri limeanza tarehe fulani, limeisha tarehe fulani, uamuzi ni huu.

Hayo ni ya Bunge na ya TSC, yatachukua muda. Lipo lako wewe unayenisikiliza sasa. Kamati ya shule ya kijiji chako ikikaa, omba lalamiko la mwalimu liandikwe kwenye muhtasari kwa tarehe na kwa tukio, si kwa fununu. Mwombeni mwalimu mkuu aseme kama amempa mwalimu husika barua ya kujieleza, ndiyo au hapana. Kisha pelekeni nakala ofisi ya TSC ya wilaya, mrudi na nakala yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na mwalimu anayehusika mwambieni usoni kwamba mmeandika, ili naye aanze kutafuta utetezi wake mapema.